Gogo la Nzioka kwenye Kona ya Mwamba

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu nikianza sipendi kukatizwa. Nimeshawasimulia watu kisa hiki na wengine wakasema ati siku hiyo nilikuwa nimekunywa. Mimi niliokoka nikiwa kijana na pombe sijaionja tangu hapo. Wengine wakasema ni ndoto. Haya, ni ndoto gani hiyo inayomwachia mtu mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake? Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, jua likiwa halijazama, na nilikuwa kazini.

Mimi ni fundi wa magari. Miaka ya sabini nilikuwa na gereji pale Kikima, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Nikisema gereji usidhani ni jumba. Yalikuwa mabati juu ya nguzo za mkalitusi, na shimo nililochimba mwenyewe ili niweze kusimama chini ya gari. Kazi yangu kubwa ilikuwa breki, na mtu yeyote anayejua vilima vya Mbooni anajua sababu. Barabara ya kushuka kutoka Kikima inajikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili mashamba ya ngazi yanayoteremka mpaka anayelima kule chini anaonekana mdogo kama kuku. Huko kwetu mtu akinunua gari hatumuulizi linakimbia vipi. Tunamuuliza, linasimama?

Na breki mimi nazijua kwa sikio. Ikilia kwa sauti nyembamba, kama kisu juu ya sahani, ujue lainingi, yale mapande yanayosugua dramu ndani ya gurudumu, zimekauka na kung'aa kama kioo. Unazitoa, unazipiga msasa, unapiga msasa na dramu yenyewe, unarudisha, kwisha. Ikikwaruza kama mtu anayeburuta jembe juu ya mawe, lainingi zimekwisha na ribiti zinazozishikilia ndizo zinazokula chuma, na hapo msasa hausaidii, nunua nyingine. Ikilia asubuhi tu halafu ikanyamaza, ni umande na kutu, iache. Ikilia huku gari likivuta upande mmoja, tafuta springi iliyokatika au mafuta yaliyovuja ndani ya dramu. Kila kelele ina mahali pake. Ndivyo nilivyoamini, na madereva waliokuja kuniambia habari za pepo niliwacheka mbele ya macho yao.

Sasa, kulikuwa na lori la Mzee Mbithi. Huyu alikuwa mzee wa kanisa letu na mfanyabiashara wa kabichi na viazi, mtu wa haki lakini mgumu kama mpini wa shoka. Siku za soko lori lake lilibeba mizigo pamoja na akina mama wenye mizigo hiyo, likiwashusha hadi Malili kwenye barabara kuu ya Mombasa. Aliliendesha mwenyewe, na tanboi wake alikuwa mtu mzima aliyeitwa Nzioka.

Tanboi wa milimani si mtu wa kupanga mizigo tu. Lori likisimama kwenye mlima, yeye ndiye anayeruka chini na kusukumiza kitu kwenye gurudumu lisije likabingirika. Wengine walitumia jiwe lolote walilookota. Nzioka alikuwa amejichongea gogo la mti wa mukau, mbao ile nyekundu tunayotengenezea milango na vitanda, akalitia mshikio wa raba ya tairi kuukuu. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilizoea kumtania kwamba analala nalo badala ya mke wake. Alicheka tu na kuendelea kulipangusa vumbi.

Siku moja ya mvua lori lilikuwa likipanda limejaa watu, likazima kwenye ile kona kali tuliyoiita Kona ya Mwamba. Likaanza kurudi nyuma. Nzioka akaruka, akaweka gogo nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto, likateleza kwenye tope. Akaliweka tena, likateleza tena. Mara ya mwisho hakuliweka kwa mikono peke yake, alijilaza nalo. Lori likasimama. Akina mama wote waliteremka wazima, wakamkuta Nzioka chini ya gurudumu. Tulimzika nyumbani kwake, na mjane wake, Mama Mumo, akaomba lile gogo liwekwe kaburini. Mimi ndiye niliyeingia na kuliweka kando ya sanduku. Naomba uliweke hilo akilini.

Kwetu Ukambani, mtu akifia barabarani hatumwachi huko. Wazee wa ukoo wake huenda mahali pale na mbuzi na ng'ondu, ile dawa ya kutakasa inayochanganywa na mabaki ya tumbo la mbuzi, wakanyunyizia barabara na chombo kilichomuua. Halafu mtu wake wa karibu humwita kwa jina na kumwambia kazi imekwisha, njoo nyumbani upumzike. Wazee wa Nzioka walimwendea Mzee Mbithi wakamwomba alete lori ili wafanye desturi. Akakataa.

"Mimi ni mzee wa kanisa," aliwaambia. "Nzioka tulimwombea, na maombi yanatosha. Hii gari yangu hainyunyiziwi mavi ya mbuzi."

Alisema hivyo, lakini usukani hakuushika tena. Akamwandika mdogo wangu, Mutua, awe dereva.

Mutua alikuwa kitinda mimba wetu. Baba alifariki Mutua akiwa hajajua kutembea, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea, na kuendesha gari alijifunza kwangu. Alikuwa mtu wa kwaya, na akiwa njiani aliimba sehemu zote, ya wanaume na ya wanawake, mpaka abiria wakamwambia anyamaze. Mama alimpenda kuliko sisi wengine wote na hakujaribu kuficha. Mimi nilimpenda vilevile, sioni haya kusema.

Hakukaa sana na lori kabla ya kuja kwangu akiwa hana raha.

"Mwana wa mwaitu," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana watoto wa mama mmoja, "hii gari inalia pale Kona ya Mwamba. Inalia vibaya. Akina mama wanasema ni Nzioka."

"Nzioka yuko mbinguni," nikamjibu. "Leta gari kwa shimo."

Nikafungua magurudumu yote. Lainingi hazikuwa mbaya, lakini nilizibadilisha ili nimalize maneno. Dramu nikazipiga msasa hadi zikawa laini. Springi zikawa mpya. Nikaliendesha sokoni, nikakanyaga breki mbele ya watu, likasimama kimya. Mutua akashuka nalo siku ya soko, na jioni akarudi na habari ileile. Kwingine kote kimya, pale konani linalia. Na si wakati wa kupanda, ni wakati wa kushuka, limejaa.

Niambie wewe, ni breki gani inayojua mahali ilipo?

Nikafungua tena, na safari hii nikaanza na gurudumu la nyuma la kushoto. Fundi yeyote anajua ukifungua dramu unakutana na vumbi jeusi la lainingi. Mimi nilikutana na unga wa mbao. Unga mwekundu, mpya, kama ule unaobaki chini ya meza ya seremala. Nikauchukua kwa vidole nikaunusa. Ulikuwa mukau. Nikaupuliza, nikafunga gurudumu na kujiambia kwamba kuna mtu mjinga anayefanya mzaha. Lakini dramu inafungwa na nati, na nati zile nilizikaza kwa mkono wangu.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua, la kifundi tu. Mafuta ya breki yalikuwa yakipungua. Si sana, kidogo kidogo, lakini mafuta ya breki hayanywewi na mtu. Yakipungua yamevuja mahali. Nilitazama kila gurudumu, nikakuta pakavu. Nikaongeza mafuta, nikaendelea kuwaza.

Mwishowe nikaamua kusikiliza mwenyewe. Jumamosi moja alasiri tulipakia magunia ya mchanga, uzito wa siku ya soko, Mutua akashika usukani na mimi nikapanda nyuma. Nikajilaza kifudifudi juu ya magunia, kichwa kikining'inia nje, juu kidogo ya gurudumu la nyuma la kushoto. Hivyo ndivyo unavyojua kelele inatoka wapi. Jua lilikuwa limeinama lakini lilimulika barabara yote. Nilihesabu mashimo, nilisikiliza springi, nilimsikia Mutua akiimba. Kila kitu kilikuwa sawa.

Tukakaribia kona. Mutua akakanyaga breki, na kilio kikaanza.

Niamini, haikuwa sauti ya chuma. Kwanza nilipata harufu, harufu ya mbao inayoungua. Nikatazama chini. Nikaona mgongo wa mtu.

Alikuwa akienda pamoja na gurudumu, ameinama, amevaa koti kuukuu la kaki. Mikono yake yote miwili ilikuwa imesukumiza gogo kwenye tairi kwa nguvu zake zote, na unga mwekundu ulikuwa ukimwagika juu ya miguu yake. Usinipe habari za vivuli na mwanga mweupe. Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Niliona mishipa ya shingo imemsimama. Niliona mshikio wa raba ya tairi, ule ambao niliuweka kaburini mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa vimechunika.

Akainua uso akanitazama. Uso wenyewe haukutisha, na hilo ndilo lililonikausha mate. Ulikuwa uso wa mtu aliyelemewa na kazi.

"Fundi," akasema, na sauti ilikuwa yake, "angalia huku chini. Mimi nimechoka."

Tukaipita kona. Kilio kikakoma. Nilipofumba macho na kuyafumbua, pale kando ya gurudumu palikuwa na barabara tu. Nilipiga bodi ya lori kwa ngumi mpaka Mutua akasimama.

"Umeona nini?" akaniuliza. Nilimweleza. Hakunicheka. Akakaa kwenye ngazi ya lori akashika kichwa.

Tukarudi gereji. Nikawasha tochi nikaingia shimoni, maana niliambiwa niangalie chini, na chini nikaangalia. Bomba la breki, lile la chuma jembamba linalopeleka mafuta magurudumu ya nyuma, lilikuwa limepita ubavuni mwa chesi, ule mfupa wa chuma wa gari, likiwa limefunikwa na tope gumu la miaka. Mahali lilipobanwa na kishikizo niligusa nikahisi unyevu. Unyevu tu, si tone. Kujua ni nini lazima ningelibandua, na bomba kuukuu namna ile ukilibandua linakatika, kwa hiyo ni lazima uwe na jipya mkononi. Kikima hapakuwa na bomba la aina hiyo. Lilipatikana Malili.

Usiku uleule nilikwenda kwa Mzee Mbithi nikamwambia yote, ya Nzioka na ya bomba. Nilitegemea anifukuze. Badala yake machozi yakamtoka, mtu mzima yule.

"Amechoka," akasema. "Ni mimi nimemchosha. Nilimnyima mbuzi."

"Mzee, aliniambia niangalie chini. Bomba limelowa. Tusimamishe gari kwanza."

"Utaangalia, fundi, nani amekukataza? Lakini huyu mtu ameniokolea watu, na mimi nimemwacha barabarani kama mbwa. Kwanza nimpumzishe."

Ungemwambia nini? Alikuwa hatimaye anatenda haki. Hata mimi nilifurahi. Sote wawili tulikuwa tumelisikia neno la marehemu, kila mmoja akabeba nusu yake.

Mambo yakafanywa upesi. Alfajiri moja, kabla siku ya soko haijafika, tulishuka hadi Kona ya Mwamba na wazee wa ukoo wa Nzioka, na akina mama wa soko wakaja kutazama. Mzee Mbithi alitoa mbuzi, akavua kofia, akasimama pembeni. Waliomjua kanisani walimwona na yeye hakujificha. Ng'ondu ikanyunyizwa barabarani, ikanyunyizwa kwenye magurudumu, hasa lile la nyuma la kushoto. Kisha Mama Mumo akasogea. Hakulia. Alizungumza kama mke anayemwita mumewe aje kula.

"Baba Mumo, umeshika vya kutosha. Achilia gari ya watu. Twende nyumbani."

Mutua akapanda na lori tupu hadi juu, akageuza, akashuka. Alipofika konani akakanyaga breki. Kimya. Akarudia. Kimya kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele, na Mzee Mbithi akamshika Mama Mumo mkono kwa mikono yake miwili. Nyumbani nilifungua dramu ile. Vumbi jeusi peke yake, jinsi inavyotakiwa. Sikuelewa kwa nini sikuwa na furaha.

Siku ya soko ikafika. Nilikwenda asubuhi mapema nikamwambia Mzee Mbithi lori lisiondoke kabla sijabadilisha lile bomba.

"Sasa ni nini tena, fundi?" akaniuliza, na alikuwa amechangamka kama kijana. "Gari si imenyamaza? Akina mama wamekata kabichi, zitaoza hapa."

Mutua naye akanishika bega. "Mwana wa mwaitu, twende sote. Bomba liko Malili. Unalinunua, jioni unalifunga, yameisha."

Ilikuwa ni akili. Bomba halingepanda mlima lenyewe. Nikajaza mafuta ya breki mpaka juu, nikakanyaga pedali, ikawa ngumu na nzuri. Nikakaa mbele upande wa kushoto, Mutua kwenye usukani upande wa kulia, akina mama nyuma juu ya kabichi zao. Akaanza kuimba tukiwa hatujatoka sokoni.

Kabla kidogo ya Kona ya Mwamba niliona mtu akija mbele yetu kwa miguu, anapanda mlima. Alitembea taratibu kando ya barabara, koti la kaki begani, gogo limelazwa juu ya koti. Alitembea kama mtu aliyetoka kazini akijua chakula kiko tayari. Nilimtambua alipokuwa ubavuni mwangu. Alikuwa anatabasamu, na hakututazama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, na nikampigia Mutua kelele asimame.

Mutua alikanyaga. Hakukuwa na kilio. Hakukuwa na kitu chochote. Pedali ilikwenda mpaka sakafuni kama imekanyaga hewa, na lori likazidi mwendo. Aliikanyaga upesi upesi, akavuta breki ya mkono, akalazimisha gia ndogo ikakataa kwa mngurumo. Kimya kile cha magurudumu sitakisahau. Nyuma akina mama walianza kumwita Yesu.

Nikatazama kioo cha pembeni. Nzioka alikuwa amegeuka. Alikuwa ameangusha koti, anakimbia kutufuata kwa nguvu zake zote, gogo amelinyosha mbele. Alikimbia mdomo wazi, na kila nikitazama alikuwa anazidi kuachwa.

Mbele kulikuwa na kona, na kushoto ndiyo mashamba ya ngazi yanayoteremka hadi chini kabisa. Mutua hakuimba tena. Aliniambia maneno mawili tu, "Shika sana," akakata usukani kulia. Alilipeleka lori kwenye mwamba, upande wake. Alichagua upande wake. Mimi nilikuwa kando yake, nilimwona anachagua.

Nilipozinduka, mguu wangu ulikuwa umebanwa na mlango umeniangukia. Akina mama walikuwa wakitambaa katikati ya kabichi, wengine wamevunjika mikono, wote wako hai. Mutua sikumsemesha, kwa sababu palipokuwa na kiti chake palikuwa na mwamba. Nilipogeuza kichwa nje niliona mstari mwembamba wa unga mwekundu juu ya barabara. Ulianzia mbali kule juu na kuja mpaka karibu nasi, ukakomea hapo. Alikuwa amebakisha hatua chache.

Baadaye, nilipoweza kutembea kwa magongo, niliomba nionyeshwe mabaki ya lori. Nikabandua kile kishikizo. Chini yake bomba lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likawa jembamba kama karatasi, na limepasuka kwa urefu. Liliweza kuhimili kukanyagwa sokoni. Kona ya Mwamba, na mzigo, halikuweza. Tangu lini halikuweza? Tangu zilipoanza zile kelele. Siku zote hizo kilichokuwa kinalisimamisha lori pale ni mtu mmoja na gogo lake, na sisi tukaenda na mbuzi kumwambia aache.

Mzee Mbithi hakuuza kabichi tena. Kanisani alihamia kiti cha nyuma kabisa, na hakuna aliyemwambia ahame. Tulimsamehe mapema kuliko alivyojisamehe. Kikima nilihama, gereji nikaihamishia chini ya mlima, mahali magari yanapoanza kupanda na yanapomaliza kushuka.

Lakini kisa hakijaisha, na hapa ndipo kinapokuhusu wewe.

Wazee wa ukoo wetu walipanga siku ya kwenda konani kumwita Mutua. Kabla haijafika, alikuja kwangu dereva mgeni na gari lililojaa watoto wa shule. Alikuwa mweupe midomo. Alisema breki zake zililia sana Kona ya Mwamba, gurudumu la mbele la kulia. Nikamuuliza kama alisikia harufu ya mbao. Hapana, akasema, lakini kuna kitu alichoona haya kukisema.

"Sema tu," nikamwambia.

"Fundi, nilikanyaga breki haishiki. Halafu nikasikia kama kuna mguu mwingine juu ya mguu wangu. Ukakanyaga. Na mtu alikuwa anaimba."

Nikafungua magurudumu yake. Lainingi zilikuwa zimekwisha kabisa, vimebaki vibati vitupu vya chuma. Gari lile halikuwa na haki ya kufika kwangu. Nikatoka, nikaenda nyuma ya gereji, nikalia nilivyoshindwa kulia siku ya mazishi. Jioni nikawaendea wazee wetu nikawaambia mbuzi asichinjwe.

Mama hakunielewa kamwe. Alikuwa akinijia kila mwaka baada ya mavuno na kuniambia, "Mwanangu yuko barabarani usiku na mvua, nawe unalala ndani. Niache nimwite." Bila mimi wazee hawangekwenda, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Alizeeka akiniomba. Alikufa akiniomba. Mara nyingi nimekwenda mpaka Kona ya Mwamba na fimbo yangu nimwite mwenyewe, jina lake liko mdomoni, kisha nasikia lori linakuja kule juu, limejaa, na mdomo unafungwa.

Kwa hiyo breki zako zikilia pale, usije kwangu kuniomba nizinyamazishe. Wengi huja hivyo. Wananiambia, fundi, kelele inaudhi, ipige msasa niende. Mimi nitakuambia ushuke, nitaingia chini ya gari lako, na sitatoka mpaka nijue ni nini kilichokufa humo ndani na ni nani aliyekushikia. Ukinuna, nuna.

Mdogo wangu amechoka. Dereva wa mwisho aliyekuja aliniambia mguu ule ulitetemeka. Tengenezeni magari yenu, nyinyi watu, ili nami siku moja nipande kule na mbuzi nimwambie aje nyumbani.